Jina la Kumi na Saba

Mume wangu alikuja kwetu mara ya kwanza kuuliza habari za marehemu baba yangu, akaondoka na mimi. Huo ulikuwa utani wetu. Tumeusema mbele ya wageni kwa miaka thelathini, yeye akijikuna kidevu kwa haya, mimi nikiongeza chumvi. Siku hizi siusemi. Lakini habari zake siwezi kuzieleza bila kuanzia hapo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Alisimama mlangoni na daftari la mistari na penseli mbili, moja mkononi, nyingine nyuma ya sikio. Mwalimu wa historia wa sekondari, mgeni kazini, shati limepigwa pasi upande wa mbele tu. Mimi ni fundi cherehani; shati nalisoma kabla sijamtazama mtu usoni. Alisema anakusanya majina ya wafanyakazi waliopigwa risasi getini, kwenye kiwanda cha nguo, siku ya ule mgomo. Mimi siku hiyo nilikuwa natambaa. Serikali ilitangaza walikufa tisa, mtaani watu walisema mia. Yeye alitaka kujua walikuwa wangapi hasa, nani na nani, na kila mmoja alifanya kazi gani mle ndani.

Mama akamweleza. Mumewe alikuwa fundi wa mashine za kusokota nyuzi, aliondoka hakurudi. Maiti nyingi zilipakiwa kwenye malori zisionekane tena, kwa hiyo kaburi hakuna. Mama akalia, na yule kijana akafunga daftari lake polepole, akasema, "Pole sana, mama. Samahani kwa kukutonesha." Jina la baba yangu likawa la kumi na saba katika orodha yake.

Alikuwa na kanuni moja, na kanuni hiyo ndiyo iliyompa jina la utani. Kila jina lazima liwe na mashahidi wawili ambao hawajawahi kukaa pamoja wakapatana la kusema. Shahidi angeweza kuwa mtu aliyeona, au daftari la hospitali, au barua. Wanafunzi wakamwita Mashahidi Wawili. Hata mtoto akichelewa akasema mama anaumwa, darasa zima lilipiga kelele, "Wa pili yuko wapi?" naye alicheka mpaka miwani ikamtoka puani.

Ilimchukua miaka minane kufikisha majina arobaini na moja. Darasani alikuwa na mtindo wake. Kila mwanafunzi alipewa jina moja la kubeba muhula mzima. Asubuhi mwalimu anaita mahudhurio kwa majina ya wale wa getini, na mtoto aliyebeba jina anaitika, "Yupo." Muhula ukiisha lazima uwe umejua mtu wako alikuwa nani, mashine gani aliiendesha, aliacha watoto wangapi, alishabikia timu ipi. Hadi leo nakutana na watu wazima, daktari, dereva wa lori, wananisimamisha njiani: "Shikamoo mama. Mimi nilikuwa namba tano, binti wa kufunga marobota."

Baadaye orodha ikaingia kwenye kitabu cha kidato cha tatu. Kurasa nne. Siku alipokileta nyumbani, mama, ambaye wakati huo alikuwa ameshahamia kwetu, alikishika kichwa chini miguu juu, kwa kuwa hasomi. Akaomba awekewe kidole kwenye jina la mumewe. Nilimwekea. Ukurasa ule una doa la vidole vyake mpaka leo, maana alikiomba mara kwa mara.

Basi, mwaka juzi ikaundwa kamati ya kupitia vitabu vya shule. Wakubwa kadhaa waliokuwa maafisa vijana siku ya geti bado wako madarakani, na mmoja alisema redioni kwamba somo lile linapandikiza chuki na halina ushahidi. Likapendekezwa lifutwe.

Sijui niseme nini kuhusu mume wangu siku zile. Mtu ambaye kikao cha wazazi tu kilimtoa jasho, alianza kuzunguka na karatasi za kukusanya saini. Aliandika magazetini. Alikwenda hata redioni. Wahadhiri wa chuo kikuu waliposikia wakaungana na walimu wa sekondari, wakiongozwa na rafiki yake mmoja tunayemwita Profesa, wakasimama mbele ya wizara tangu asubuhi hadi jua la utosi. Bango nililishona mimi, mita tano za kitambaa cha buluu, herufi nyeupe nikazikata moja moja na kuzitia pindo kote: SOMO LIBAKI. Nilijivuna nalo, sifichi. Nilipoliona kwenye gazeti nilitafuta kwanza kama pindo limenyooka.

Kelele zile zikazaa kitu. Kamati ikakubali kuwasikiliza, siku moja tu, na mwandishi wa orodha aje mwenyewe kujibu maswali. Profesa alitupigia simu akiwa na furaha: wajumbe wengi wameanza kulegea, tukijibu vizuri somo litabaki. Tulipewa wiki mbili.

Mume wangu akatoa kadi zake zote arobaini na moja, akazipanga juu ya meza yangu ya kukatia nguo. Kila kadi ilikuwa na nukta mbili za penseli pembeni, kila nukta shahidi mmoja. Nilikuwa napiga vifungo. Nikamwona ameshika kadi moja, haiweki chini.

"Fundi," akaniita. Ndivyo tunavyoitana, Fundi na Mwalimu. "Baba ana nukta moja."

"Baba yupi?"

"Baba yako."

Nikacheka. "Na mimi je? Mimi si shahidi? Nimekua bila baba."

"Wewe ni shahidi kwamba hakurudi," akasema.

Nieleze ilikuwaje, kwa kuwa watu wengi hawakumwelewa. Alikuwa amepanga kurudi kwa mama kumuuliza mara ya pili, kama alivyofanya kwa wote. Lakini kabla hajarudi kuuliza, alirudi kuposa. Na mkwe haulizwi maswali ya polisi. Utamkalia mama mkwe wako ukiwa na penseli umwambie, "Una hakika gani kwamba mumeo alikufa?" Angethubutu, ningemtoa nje na daftari lake. Kwa hiyo jina lile likapita na nukta moja, kwa heshima. Mtu aliyewakagua wajane arobaini alishindwa kumkagua mmoja, aliyekuwa akimwandalia chai kila asubuhi.

Kwenye daftari la zamani alikuwa na anwani ya mzee mmoja aliyefanya kazi idara moja na baba, akahamia mji mwingine. Akapanda basi. Alirudi siku ya tatu, saa sita mchana, mimi nikiwa natia mikono sare za shule. Akakaa bila kuvua viatu. Mume wangu havuki kizingiti na viatu, kwa hiyo nikaondoa mguu kwenye cherehani.

"Hakuwepo getini," akasema. "Alihamia kule wiki moja kabla ya mgomo. Yule mzee amefanya naye kazi miaka kumi na mmoja."

Nikamwambia wazee husahau. Akatoa simu. Alikuwa amekwenda hadi kwenye kiwanda cha kule, akaomba daftari la wafanyakazi, akapiga picha ukurasa. Jina lilikuwa lile lile, na sahihi ilikuwa ile iliyoko kwenye cheti cha ndoa cha mama. Na picha ndogo pembeni, mwanaume mnene kidogo, kachoka, na masikio yamesimama. Masikio yangu haya. Nimevaa vitambaa vya kichwa maisha yangu yote kwa sababu ya masikio hayo, na mama akaniambia siku zote ni ya bibi.

"Alikufa kwa maradhi," akaendelea taratibu, "kitandani. Aliacha mke na watoto watatu. Kaburi lipo, nimeliona."

Nilipiga hesabu pale pale. Alipokufa nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mwaka huo niliandika insha kuhusu baba yangu shujaa, ikasomwa mbele ya shule nzima. Kumbe siku zote hizo nilikuwa na baba, anapanda kitandani, anaamka, anakunywa chai na watoto wake, safari ya basi moja tu kutoka nilipo. Nilihisi kama mtu amenifumua mshono wa katikati, nikabaki vipande viwili.

Kisha nikakasirika, kwa kuwa ndivyo nilivyo. "Nani mwingine anajua?"

"Mimi, wewe na mzee."

"Basi tunyamaze. Ukisema mmoja hayumo, watafuta wote. Unawajua."

"Nawajua."

"Na mama je? Atakwenda wapi na uzee wake?"

Akavua miwani, akaifuta na kipande cha sare. "Fundi, miaka yote nawafundisha watoto wasimwamini mtu anayeficha karatasi."

"Mimi si mtoto wa darasa lako! Na mimi kukupenda kuna shahidi mmoja tu, mbona hujawahi kukagua?"

Alicheka kidogo, akalia. Sikumbembeleza. Ningejua yanayokuja ningemshika mkono, lakini sikumshika.

Profesa naye alipoambiwa alimsihi. "Mwalimu, jambo hili lisubiri. Tushinde kwanza, toleo lijalo tutarekebisha bila kelele." Lilikuwa neno la busara na nililipenda. Siku ya kikao mume wangu alivaa suti niliyomshonea, na hakuwa ameniambia atasema nini. Nilijidanganya kwamba tumekubaliana.

Ukumbi ulikuwa na kiyoyozi kikali, meza ya nusu duara, chupa za maji mbele ya kila mjumbe. Mimi nilikaa safu ya nyuma. Maswali ya kwanza aliyajibu vizuri, mpaka mwenyekiti akawa anatikisa kichwa kukubali na Profesa akanigeukia akatabasamu. Kisha akazungumza mjumbe mmoja kijana, suti ya kijivu, mikono ya koti mirefu kupita kiasi.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ulinifundisha. Nilikuwa namba tisa."

"Marahaba," mume wangu akasema, uso umemchangamka. "Mpimaji wa nyuzi. Mtu wa utani."

"Ndiye. Umeandika kwenye utangulizi kwamba kila jina lina mashahidi wawili. Kanuni hiyo ulitufundisha mwenyewe. Ni kweli kwa majina yote arobaini na moja?"

Mume wangu akanitafuta kwa macho hadi safu ya nyuma. Nami, Mungu anisamehe, nikamwinamishia kichwa: sema ndiyo. Neno moja tu. Akanywa maji.

"Kwa arobaini, ndiyo," akasema. "Moja nilikosea. Nimekuja na ushahidi wa kosa langu, naomba lirekebishwe."

Akatoa karatasi kwenye mfuko wa ndani wa koti, ule niliomshonea mwenyewe, akaiweka mezani. Kijana akaisoma, na nasema haki, hakufurahi. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Huyu mtu ni nani kwako, Mwalimu?"

"Ni baba mkwe wangu."

Watu wakacheka. Si wote, lakini walicheka vya kutosha. Nimesamehe mengi katika maisha, kicheko kile bado.

Kesho yake magazeti yaliandika kwamba mwandishi amekiri orodha ya geti ni ya kubuni. Mwezi haukuisha, barua ikaja. Somo limefutwa lote, kurasa zote nne, na mahali pake pamewekwa habari za maendeleo ya viwanda pamoja na picha ya mashine. Kuita mahudhurio kwa majina ya wafu kukapigwa marufuku. Mume wangu hakufukuzwa kazi. Akiwa na miaka hamsini na saba, na magoti yale, alipewa filimbi akaambiwa afundishe michezo. Profesa aliacha kupiga simu.

Na watu wa getini wenyewe wakatugeuka, nao nawaelewa. Mjane wa yule mtia rangi, namba kumi na nane, alikuja hadi mlangoni kwangu. Hakutukana. Alisema tu, "Mmetuzikia watu wetu mara ya pili," akageuka akaondoka na fimbo yake. Nilisimama na mkasi mkononi kama mjinga.

Mama tulimficha. Redio niliipeleka chumbani kwangu nikadai imeharibika. Lakini majirani wana midomo. Siku moja mchana alikuja akaketi karibu na cherehani yangu, akasema, "Zima mashine."

Nikazima.

"Nilijua," akasema.

Nilidhani anamaanisha habari za kikao. Hakumaanisha hivyo. Baba aliondoka na begi wiki moja kabla ya mgomo, akiahidi atatuita. Mwezi wa tatu baada ya mgomo dereva mmoja alileta barua yake, akamsomea mama: asisubiriwe. Lakini mwezi wa tatu ulikuwa umechelewa. Wanawake wa getini walikuwa wameshakuja kukaa naye, wameshamhesabu mwenzao.

"Walikuja kunililia, mwanangu. Ningewaambia nini? Kwamba wa kwenu wamekufa, wangu amenichoka? Mjane alipewa kiti. Aliyeachwa alipewa maneno. Na wewe ulikuwa mgongoni."

"Na Mwalimu alipokuja na daftari lake?"

"Nilijua huyu ni mtu wa kuuliza tena. Nilimsubiri. Hakuuliza."

"Angeuliza, ungesema?"

Akafikiri sana. Mama si mtu wa kujibu ovyo. "Siku ile ya kwanza, hapana. Angerudi, ningesema."

Nilipomweleza mume wangu nilitaka amkasirikie mama, walau siku moja, nipate mwenzangu. Yeye akachukua kadi ya kumi na saba, akaandika nyuma yake kwa penseli: Kosa langu. Sikurudi kuuliza. Tarehe. Nilimpigia kelele kwamba kosa ni la mama, ni la baba, ni la wale waliopiga risasi, wala si la mtu mwenye penseli. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaenda kutafuta filimbi yake.

Mwaka huu siku ya geti ilipofika, hakukuwa na pa kwenda. Shuleni marufuku, getini askari. Tukakaa sisi watatu kwenye meza yangu ya kukatia, saa tisa, wakati ule risasi zilipoanza. Bango nimelitandika pale kifudifudi, herufi chini. Mume wangu akaanza kusoma kadi. Jina la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la nne sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikakataa. Kwa mwezi mzima alikuwa haongei zaidi ya salamu, na mimi nilikuwa nimejifanya sioni.

Mama akapokea. Hasomi, lakini amesimama kwenye uwanja wa shule miaka mingi, kila siku ya geti, akisikiliza yakisomwa. Anayajua yote kwa moyo. Akayataja la nne, la tano, la tisa, bila haraka. Akafika la kumi na sita. Akavuta pumzi, akataja jina la baba yangu, akishusha sauti kidogo kama alivyozoea.

Nikamtazama mume wangu. Huyu ni mtu aliyewahi kusahihisha tarehe kwenye kadi ya mwaliko wa arusi, tena arusi ya watu. Alikuwa anatazama mikono yake. Alilisikia, najua alilisikia, akaliacha lipite. Ndicho nilichomwomba siku ile aliporudi akakaa na viatu miguuni, ndicho nilichomwomba kwa kichwa ukumbini, na sasa alikuwa ananipa. Sijawahi kuona kitu kinachouma kama kile.

"Mama," nikasema. "Huyo hayumo."

Mama akapapasa kitambaa cha meza. "Najua," akasema. "Ulimi umezoea."

"Tuanze upya."

Nikavuta kadi, nikasoma mimi. Sina sauti ya kusoma, mimi ni mtu wa uzi na sindano, na maandishi yake ya penseli yamefifia. Nilisoma la kwanza hadi la kumi na sita. Miaka yote, kwenye jina linalofuata ndipo nilipolilia baba yangu. Nikairuka kadi ya kumi na saba; iliyofuata ilikuwa ya mtia rangi, mume wa yule mama mwenye fimbo, mtu ambaye sikuwahi kumjua. Nikalisoma jina lake, na machozi yakaja vilevile, mahali palepale. Mwalimu akanisogezea kadi nyingine.